Spika, projekta au vishikwambi: tununue kipi kwa kipindi cha Kiingereza?

Fedha ya kununua kifaa cha kufundishia ikipatikana shuleni, mara nyingi hutosha aina moja tu. Hapo ndipo walimu wa Kiingereza tunapokwama. Mmoja anataka projekta, mwingine ameona vishikwambi shule ya jirani, wa tatu anasema tuchukue spika na chenji irudi. Nimefundisha Kiingereza hapa Tanga mjini kwa miaka kadhaa, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, na vyote vitatu vimepita mikononi mwangu. Naandika kwa ajili ya mwalimu ambaye wiki hii ameitwa ofisini na mkuu wa shule, akaulizwa: "Haya, mwalimu, tuchukue kipi?"

Nianze na mwanafunzi mwenyewe. Aliyetoka shule ya msingi ya serikali amesoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili mpaka Darasa la Saba, na Kiingereza kwake kilikuwa somo moja kati ya mengine. Anaingia Kidato cha Kwanza, na baiolojia, jiografia na fizikia zote zinamjia kwa Kiingereza. Tanga nayo ni mji wa Kiswahili hasa. Sokoni Ngamiani ni Kiswahili, kwenye daladala la Pongwe ni Kiswahili, nyumbani na msikitini hivyo hivyo. Mtoto akishatoka getini, Kiingereza hakisikii tena mpaka kesho asubuhi. Kwa hiyo kifaa tunachokinunua kina kazi nzito: kumpa mtoto, ndani ya dakika 40 za kipindi, kile ambacho mtaa haumpi.

## Tupime kwa vigezo gani

Cha kwanza ni stadi. Kiingereza ni kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na hakuna kifaa kinachofundisha zote nne kwa uzito mmoja. Jiulizeni wanafunzi wenu wanaanguka wapi zaidi.

Cha pili nakiita dakika za mdomo, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote. Darasa la wanafunzi 60 likiwa na kipindi cha dakika 40, na kila mmoja akasimama kusema kwa zamu, kila mtoto anapata sekunde 40. Hapo mwalimu hajasema hata "good morning". Wagawe vikundi vya watu sita, wazungumze kwa wakati mmoja kwa dakika 15 tu, na kila mmoja anapata dakika mbili na nusu. Kifaa chochote lazima kiulizwe: kinaongeza dakika hizo au kinazila?

Cha tatu ni umeme na bando. Cha nne ni kazi kinayompa mwalimu kabla ya kipindi na ndani ya kipindi. Cha tano ni matunzo, maana mji wetu una hewa ya chumvi, joto na vumbi, na vitu vitatu hivyo havina urafiki na vifaa vya umeme.

Bei sikuiweka kigezo peke yake kwa kuwa inabadilika kila mwezi, lakini mpangilio wake haubadiliki. Spika ndogo ndiyo rahisi kwa mbali. Projekta pamoja na laptopu ni ghali mara nyingi zaidi. Vishikwambi vya kutosha vikundi kumi vinaweza kupita projekta, kutegemea mnachonunua.

## Spika na simu ya mwalimu

Stadi. Kusikiliza na matamshi. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu karibu 20, na mtoto hawezi kutamka tofauti ambayo sikio lake halijaisikia. Maneno ya Kiingereza ya paka, kukata na mkokoteni (cat, cut, cart) kwake yote ni "kati". Mkazo nao humponyoka, kwa kuwa Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi "development" inakuwa "divelop-MEN-ti". Mambo haya hayafundishiki kwa chaki. Yanataka sauti irudiwe mara tatu, mara nne, ileile bila kubadilika, na koo la mwalimu haliwezi kazi hiyo kwa mikondo minne kwa siku.

Niseme jambo moja ambalo walimu wa pwani tunalisahau. Watoto wetu wana mtaji. Mtoto aliyezoea kusema thelathini na dhahabu bila kugeuza kuwa selasini na zahabu, tayari anazo sauti mbili za Kiingereza zinazowatesa wanafunzi wengi duniani, ile ya "think" na ile ya "this". Mimi huanza na hizo wiki ya kwanza ya Kidato cha Kwanza, wajisikie kwamba wanaweza.

Na si lazima kila sauti itoke London. Mwaka mmoja nilimwomba mwalimu wa fizikia, kijana anayetembeza wageni kwenye mapango ya Amboni, na mama mmoja wa mapokezi hotelini, kila mmoja aniambie kwa Kiingereza, kwa dakika moja, siku yake inavyokwenda. Nilirekodi kwa simu. Yule kijana wa Amboni alieleza popo na giza la pangoni kwa namna ambayo darasa zima liliinama mbele ili lisikie. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Madam, huyu ni wa hapahapa?" Nilipomjibu ndiyo, akaomba tuirudie.

Dakika za mdomo. Hapa spika ni dhaifu isipochungwa. Yenyewe inasema, watoto wananyamaza. Kipande kikizidi dakika moja, nusu ya darasa imeshaondoka kimawazo. Nachofanya ni kukata vipande vifupi, nacheza, nasimamisha, wawili wawili wanaambiana walichosikia, nacheza tena. Hapo ndipo midomo inafunguka.

Umeme na bando. Hapa haina mpinzani. Inachajiwa usiku nyumbani, inafanya kazi siku nzima, na sauti zikiwa kwenye flashi au memori kadi hakuna haja ya bando hata chembe. BBC imekuwa ikitangaza vipindi vya kufundisha Kiingereza tangu 1943, na leo mafunzo yao mengi unaweza kuyapakua bure siku una mtandao mzuri, ukayatumia muhula mzima.

Kazi ya mwalimu. Ndogo, ukishapanga mafaili kwa majina ya masomo. Spika usiiweke mezani kwako mbele. Iweke juu ya stuli katikati ya darasa, iunganishe na simu kwa waya, wa nyuma nao wasikie sawa na wa mbele.

Matunzo. Mfuko wa kitambaa unatosha.

Adui wake mkubwa ni paa. Siku moja ya Aprili nilikuwa nimeandaa zoezi zuri la kusikiliza, watoto wameshachora jedwali kwenye madaftari, nikabonyeza kitufe na mvua ya masika ikashuka kwenye mabati. Spika ilikuwa inaimba lakini hata mimi niliyesimama karibu yake sikuambulia neno. Tukageuka kusoma kimya. Tangu siku hiyo, Machi hadi Mei siingii darasani na zoezi la kusikiliza bila andalio la pili mkononi.

Inamfaa mwalimu mwenye mikondo mingi, shule isiyo na soketi madarasani, na wanafunzi ambao wakisoma wanaelewa ila wakisikia hawaelewi.

## Projekta na laptopu

Stadi. Msamiati, kusoma kwa pamoja, na sarufi inayohitaji kuonekana. Picha moja inaokoa maelezo ya dakika tano. Mwalimu wa Kiingereza anayefundisha maneno ya jiografia kama "glacier" hana barafu ya kuwaonyesha watoto wa Makorora, na akitafsiri "barafu ya mlimani inayotembea" bado hawajaiona.

Ila picha zilizonipa kazi nzuri zaidi si za mbali. Niliwahi kupiga, kwa ruhusa yake, picha ya mama mmoja muuza machungwa pale Ngamiani, machungwa ya Muheza yamepangwa mafungu mafungu. Nikaiangaza ukutani, nikauliza wanaona nini. Kijana wa mbele akasema, "He is sell orange." Nikanyamaza. Kutoka nyuma msichana akapaza sauti, "She! She is selling oranges!" Kiswahili husema "anauza" na hakijali muuzaji ni mwanamume au mwanamke, ndiyo maana kosa hili halitoki hata Kidato cha Nne. Siku ile liliwatoka wengi, kwa kuwa mama mwenyewe alikuwa ukutani anawatazama, na kumwita "he" kulionekana wazi kuwa ni kumkosea.

Dakika za mdomo. Inategemea unaangaza nini. Ukiangaza picha, watoto wanasema. Ukiangaza maandishi, wananakili. Nimekaa nyuma ya vipindi vya wenzangu ambamo projekta imegeuka ubao wa bei ghali: dakika 35 za kunakili, dakika 5 za maswali. Ushauri wangu ni picha nyingi na maandishi machache, herufi kubwa kiasi cha kusomeka dawati la mwisho.

Umeme na bando. Hapa inatesa. Projekta ya kawaida hula wati 200 hadi 300, basi haiendi kwa betri ndogo wala kwa paneli ya sola ya taa. Ukikatika umeme, kipindi kimekatika, na zile za taa za zamani huumia zinapozimwa ghafla kabla feni haijapoza taa. Bando si lazima kama umeshapakua.

Kazi ya mwalimu. Kubeba, kuunganisha, kutafuta ekstensheni, kuziba madirisha. Jua la Tanga saa nne asubuhi linafuta picha yote ukutani. Sisi tulitumia kanga, tukaona ni nyepesi, tukahamia mapazia mazito upande wa jua. Kiranja mmoja mwaminifu akifundishwa kufunga na kufungua, unaokoa dakika saba kila kipindi. Kama shule ina chumba kimoja cha kuiacha ikiwa imefungwa, na madarasa ndiyo yanayohamia humo, tatizo limepungua sana.

Matunzo. Chujio la vumbi lisafishwe kila baada ya wiki chache. Ifunikwe. Isihifadhiwe chumba chenye dirisha linalotazama bahari.

Wengine hununua runinga kubwa badala yake. Inaonekana vizuri mchana na haihitaji giza, lakini kwa darasa la watu 60 wa nyuma hawasomi maandishi. Kwa darasa la watu 30 ningeifikiria kabla ya projekta.

Inaifaa shule yenye umeme wa uhakika kiasi, chumba kinachoweza kutiwa giza, na walimu wa masomo mengine ambao nao wataitumia. Projekta ya mwalimu wa Kiingereza peke yake hukaa kabatini siku nyingi. Ikichangiwa na wa baiolojia na wa jiografia, inalipa.

## Vishikwambi vya vikundi

Stadi. Kuzungumza na kusoma kwa mwendo wa kila mtoto. Hili la kuzungumza huwashangaza wengi, maana tunadhani kishikwambi ni cha kutazama. Kitu chenye nguvu zaidi ndani yake, kwa mwalimu wa lugha, ni kile kinasa sauti cha kawaida kisichohitaji programu yoyote ya kununua.

Kijana mmoja wa Kidato cha Pili, mkimya, alitakiwa kujitambulisha kwa sentensi tano na kurekodi. Alirekodi, akasikiliza, akafuta. Akarekodi tena. Alifanya hivyo mara saba, na mwenzake alikuwa anahesabu kwa vidole. Sentensi ya kwanza ilikuwa "I leave in Tanga." Msichana wa kikundi chake akamwambia, "Leave ni kuondoka, wewe unaondoka?" Kikundi kikacheka, maana Tanga yenyewe ndiyo ya waja leo waondoka leo. Akasikiliza tena sauti yake mwenyewe, sikio karibu kabisa na kile kishikwambi, akatamka "live" kwa kifupi, sawasawa. Mimi sikuwa nimefungua mdomo. Mbele ya darasa zima kijana yule asingesema hata sentensi moja.

Dakika za mdomo. Hapa vishikwambi vinaongoza, kwa sharti kwamba ni kimoja kwa watu watano au sita na kila mmoja ana zamu. Kikiwa kimoja kwa kila mtoto, darasa linanyamaza kimya, kila mmoja na kioo chake, na dakika za mdomo zinarudi sifuri.

Umeme na bando. Vinachajiwa ofisini usiku, vinatumika mchana. Bando linaweza kuwa gharama kubwa kama kila kazi inataka mtandao, kwa hiyo jazeni vitu vya kutumia bila mtandao. African Storybook ina hadithi za watoto kwa Kiingereza na Kiswahili, zenye leseni huria, ambazo unaruhusiwa kupakua na hata kuchapa. Kidato cha Kwanza huzipenda, na ile ya Kiswahili huwasaidia kuhakikisha wameelewa ya Kiingereza. Kuna pia Kolibri, programu ya bure inayowekwa kwenye kompyuta moja ya kawaida, na vishikwambi vikaisoma kupitia mtandao wa ndani wa shule bila intaneti. Inataka mtu wa kuiweka mara ya kwanza, baada ya hapo inajiendea.

Kazi ya mwalimu. Kubwa. Kugawa, kuhesabu, kuwasha, kukusanya. Miezi ya mwanzo nilipoteza dakika 12 kati ya 40. Kilichoniokoa ni kuandika namba kubwa nyuma ya kila kimoja na kumpa kiongozi wa kila kikundi namba yake kwa mwaka mzima. Chenye namba nne kikipasuka, tunajua tuanzie wapi kuuliza.

Matunzo. Hapa nina uchungu. Katika shule moja niliyofundisha zamani, tulipewa vishikwambi 30. Vilifungiwa kabatini kwa hofu ya kuibwa, ufunguo ukawa kwa mtu mmoja, naye akahamishwa. Vilipotolewa baada ya zaidi ya mwaka, vingi betri zilikuwa zimevimba mpaka vioo vimenyanyuka. Betri za aina hii zikiachwa tupu kwa muda mrefu kwenye joto huharibika. Mkivihifadhi likizo, viacheni na chaji nusu, mahali penye hewa, na mtu wa kuvitazama kila mwezi. Watoto 30 wangeweza kusikia sauti zao kwa vile vifaa, na hakuna hata mmoja aliyevigusa.

Vinamfaa mwalimu ambaye wanafunzi wake wanaandika vizuri ila hawafungui mdomo, mwenye madarasa machache, na shule yenye kabati imara pamoja na utaratibu wa ufunguo unaojulikana na watu wawili.

## Na chumba cha kompyuta?

Kama tayari kipo, kitumieni kwa kuandika: barua, insha, kusahihishana. Kujenga kipya kwa ajili ya Kiingereza peke yake siwezi kumshauri mtu, kwa kuwa kinakula umeme, chumba na ratiba, na zamu ya kila mkondo inakuja kwa nadra mno kujenga mazoea.

Simu za wanafunzi nazo msiziweke kwenye hesabu. Shule za serikali haziruhusu wanafunzi kuja nazo. Simu ya mzazi jioni ni jambo jingine. Nimeona msichana akimrekodia bibi yake hadithi fupi kwa Kiingereza kwa simu ya mama, halafu akamtafsiria.

## Kwa hali yenu

Kama mna madarasa ya watu 60 na zaidi, hakuna soketi, na fedha ni kidogo, anzeni na spika. Walimu wengi waligawiwa vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Kama unacho, kiunganishe na spika na una chombo cha kucheza na cha kurekodi kwa gharama ya spika peke yake.

Kama umeme wenu si wa kukatika kila wiki, mna chumba cha kutia giza, na angalau walimu watatu wa masomo tofauti wamekubali kukitumia, projekta itawafaa watoto zaidi ya kipindi chenu. Waandikeni ratiba hao watatu kabla ya kununua, si baada.

Kama Kidato cha Tatu na cha Nne wenu wanafaulu kwenye karatasi lakini mgeni akija wanajificha nyuma ya milango, vishikwambi kumi vya kawaida, vyenye kinasa sauti kinachosikika vizuri, ndivyo ninavyovitaka kwao. Kumi vinatosha. Msinunue 60.

Kama ni Kidato cha Kwanza na ni Januari, sauti na picha huja kabla ya maandishi. Spika iwe ya kwanza. Projekta ikiwepo, iazimwe mara moja kwa wiki kwa ajili ya picha za mji wao wenyewe: soko, bandari, mafungu ya samaki kwenye soko la Deep Sea, baiskeli zilizopakia nazi.

Kama shule ina wanafunzi wasioona vizuri au wasiosikia vizuri, waulizeni wao kwanza. Spika haimsaidii asiyesikia na projekta haimsaidii asiyeona. Kishikwambi kinachokuza maandishi na kusoma kwa sauti kinaweza kumbeba mmoja wao hata kama darasa zima linatumia kingine.

Na kama vifaa tayari vimo kabatini na havijaguswa tangu mwaka jana, basi msiombe vingine kwanza. Tafuteni ufunguo, kagueni betri, tengeni vilivyovimba visichajiwe, chajini vizima viwili, na mkae na wanafunzi sita baada ya saa za masomo, kila mmoja arekodi sentensi tano kuhusu nyumbani kwao.